Kilemba cha Fundi: Istilahi za Uanagenzi na Mahafali ya Ufundi Stadi

Neno kilemba halina maana ya kitambaa cha kichwani tu. Kamusi za zamani zinaeleza kwamba kilemba ni pia ada au zawadi itolewayo mafunzo yanapokwisha, wakati mwanafunzi anapoagana na fundi wake. Lakini lugha hiyo hiyo inatuonya pia juu ya kilemba cha ukoka, yaani sifa za uongo avikwazo mtu ili afurahi bila kupata kitu. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba istilahi zitumikazo siku ya mahafali ya mafundi zaweza kuwa kilemba cha kweli au cha ukoka, kwa kutegemea jinsi wafasiri, walimu na watumishi wa Serikali wanavyozichagua. Mifano yetu tumeichukua zaidi kutoka Bukoba na Muleba, katika Mkoa wa Kagera.

1. Fundi na mwanafunzi ni ndugu

Yafaa kwanza tukumbuke asili ya maneno yetu. Kutokana na mzizi mmoja tunapata kufunda, kufunza, kufundisha, fundi, mwanafunzi na mkufunzi. Hivyo basi, katika Kiswahili fundi si mtu wa mikono tu aliye mbali na elimu. Kwa asili ya neno lenyewe, yeye ni jamaa wa mwalimu. Mwanafunzi naye si lazima awe mtu wa dawati na daftari. Tafsiri za Biblia zimelitumia neno hilo kwa watu waliomfuata mwalimu wao njiani na kujifunza kwa kuona na kutenda. Utengano tunaouona leo, kati ya msomi kwa upande mmoja na fundi kwa upande mwingine, haukuletwa na lugha yetu. Uliletwa na mpango wa shule, na lugha ikalazimika kuufuata.

2. Ujuzi uliokuwapo kabla ya vyeti

Mfano ulio wazi wa jambo hili uko Buhaya. Uchimbuaji wa mambo ya kale uliofanywa katika sehemu za Katuruka na Kemondo umeonyesha kwamba watu wa pwani ile ya Ziwa Viktoria walikuwa wakiyeyusha chuma zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya, ambao baadhi yao walikuwa wameifanya kazi hiyo ujanani, walijenga upya tanuri na kuyeyusha chuma mbele ya watafiti, ingawa kazi yenyewe ilikuwa imekwisha kufifia kwa miongo mingi kwa sababu ya chuma cha kutoka ng'ambo. Walijua udongo wa kichuguu unaofaa kwa tanuri, matete ya kuchomwa shimoni, na namna ya kuyaingiza mabomba ya udongo ndani ya tanuri ili hewa ya mivukuto ipate joto kabla ya kufika kwenye moto. Matokeo ya utafiti huo yalichapishwa mwaka 1978 katika jarida la kisayansi la Marekani, na yakasomwa duniani kote.

Wazee hao hawakuwa na cheti. Walikuwa na mafunzo. Mhunzi, ambaye kwa Kihaya huitwa omuhesi, aliurithisha ujuzi wake kwa kijana aliyevukuta, akabeba makaa, akatazama, kisha akakabidhiwa nyundo. Mfano huo una funzo kwetu sisi tunaoshughulika na istilahi: maneno ya kazi hukaa kwa watenda kazi, na anayeyatafuta maofisini peke yake hatayapata.

3. Ufundi stadi, amali na uanagenzi

Kwa upande wa sheria, nchi yetu ilipata Sheria ya Mafunzo ya Ufundi mwaka 1974. Mwaka 1994 ilitungwa sheria nyingine iliyounda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ambayo wananchi wanaijua zaidi kwa jina la VETA. Kagera kilijengwa chuo cha mkoa huko Burugo, karibu na Bukoba, kwa msaada wa Serikali ya China, nacho kilifunguliwa mwaka 2022. Kutokana na historia hii tunayo maneno matatu ambayo aghalabu huchanganywa.

Ufundi stadi ni ujuzi wa kazi maalumu, kama vile uashi, useremala, umeme, ushonaji au uchomeleaji, unaofundishwa kwa mpango na kupimwa. Neno stadi linaongeza maana ya umahiri: haitoshi kujua, sharti ujue vizuri.

Amali asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni kazi au tendo. Zanzibar wamelitumia kwa muda mrefu katika jina la mamlaka yao ya mafunzo. Kwa Tanzania Bara, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imelipa nafasi rasmi katika elimu ya sekondari, ambako mwanafunzi anaweza kufuata mkondo wa amali. Amali, basi, ni mkondo wa elimu, nao ufundi stadi ni ujuzi wenyewe.

Uanagenzi ni namna ya kujifunza. Mwanagenzi katika kamusi ni mtu aliye mgeni katika kazi. Wapo wanaoliona neno hili kuwa la dharau, kwa kuwa mitaani huweza kumaanisha mtu asiyejua kitu. Sisi hatukubaliani nao. Ugeni si ujinga, na mgeni wa leo ni mwenyeji wa kesho. Tena, Serikali imekwisha kulitumia kwa mafunzo yanayounganisha chuo na mahali pa kazi, nalo limeanza kuzoeleka. Kulibadili sasa kungekuwa kuwarudisha watu nyuma.

4. Saidia fundi ni nani?

Katika utumishi wa umma ngazi zinafahamika: fundi mchundo, fundi sanifu, kisha mhandisi. Shida iko nje ya ofisi. Katika majengo ya Bukoba, kama ilivyo nchini kote, kijana anayemchanganyia mwashi zege na kumpelekea matofali huitwa saidia fundi. Jina hili linaeleza kazi ya siku ile na kunyamaza juu ya mafunzo. Kijana anaweza kukaa na mwashi miaka mitano, akajua kushika timazi, pima maji na mwiko kuliko wengi waliotoka chuoni, na bado barua ya utambulisho ikamwita saidia fundi. Kwa neno hilo moja miaka yake mitano hufutika.

VETA ina utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambao kwao fundi aliyejifunza kazini hupimwa na kupewa cheti. Lakini ili mtu apimwe, sharti kwanza ajulikane kuwa amejifunza. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kijana aliyewekwa kwa fundi ili ajifunze aitwe mwanagenzi katika barua na madaftari yote, na saidia fundi libaki kwa kibarua asiye na makubaliano ya kufundishwa.

5. Neno moja, nyumba mbili

Kama kuna msomaji anayedhani kwamba haya ni mabishano ya maneno tu, tunamkumbusha tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lililoua watu 17 mkoani Kagera na kubomoa nyumba nyingi pamoja na majengo ya shule. Baada ya msiba huo kila aliyejenga upya alihitaji mwashi, na kila mwashi alihitaji kuelewana na mwenye nyumba.

Sasa tulitazame neno linta. Baadhi ya mafundi hulitumia kwa mkanda wa zege na nondo unaozunguka kuta zote za nyumba. Wengine hulitumia kwa boriti fupi iliyo juu ya mlango au dirisha tu. Mkanda unaozunguka hufunga kuta pamoja ili zisiachane ardhi inapotikisika. Boriti fupi haiwezi kufanya hivyo. Mapatano yakisema “nyumba iwe na linta”, pande zote mbili zaweza kutia sahihi kwa moyo safi huku kila mmoja akiwaza nyumba nyingine. Hapo istilahi inakuwa suala la uhai.

6. Mapendekezo

Kwa kifupi, tunapendekeza matumizi yafuatayo:

(a) Mwanagenzi: anayejifunza kazi kwa fundi au kiwandani kwa makubaliano.
(b) Fundi mlezi: fundi anayemfunza mwanagenzi mahali pa kazi, ili atofautishwe na mkufunzi wa chuoni.
(c) Kuhitimu: kumaliza mafunzo na kufaulu kipimo. Anayemaliza muda bila kupimwa amemaliza, hajahitimu.
(d) Kutunuku: kukabidhi cheti kwa heshima mbele ya watu.
(e) Linta: boriti ya juu ya mlango au dirisha.
(f) Mkanda wa zege: boriti inayozunguka kuta zote.

Pamoja na hayo, tunawaomba waandishi wa hotuba za mahafali waache desturi ya kuwasifu wahitimu kwa kusema kwamba “hawakubahatika” kuendelea na masomo. Masomo ndiyo waliyoyamaliza siku hiyo. Itajwe kazi waliyoifanya: fundi huyu ameunga lango, yule ameshona suti, mwingine ametandaza nyaya za nyumba nzima na taa zikawaka. Watajwe pia mafundi walezi, ambao mara nyingi hukaa viti vya nyuma. Sifa iliyotaja kazi kwa jina lake haiwezi kuwa kilemba cha ukoka.