Basi la Shule na Maana ya Kuchanganyika



Tukikaa kuzungumza, swali halikosi: watoto wa wageni wafanye nini ili wawe sehemu ya taifa la Uingereza? Mimi naona tuligeuze: je, shule ziliwafanyia nini?

Mwaka 1963 huko Southall, magharibi mwa London, wazazi wa Kizungu walimlalamikia Waziri wa Elimu, Edward Boyle, kwamba watoto wa Kihindi wamejaa shuleni na wanawarudisha nyuma watoto wao. Mwaka 1965 wizara ikatoa waraka, namba 7/65, ikishauri kwamba watoto wa wahamiaji wasizidi takriban theluthi moja ya shule. Wakizidi, watawanywe. Walisema hivyo ndivyo watakavyojua Kiingereza na kuzoea desturi za wenyeji.

Birmingham ilikataa. Southall na Bradford zilikubali, mabasi yakaanza kubeba watoto. Lakini basi lilikwenda upande mmoja tu! Mtoto wa Kihindi alitolewa mtaani kwake. Wa Kizungu hakuletwa. Na kujua Kiingereza hakukumwokoa mtu, kilichotazamwa ni asili yake. Kumbukeni Southall ilipokea pia Waasia kutoka Kenya na Uganda, ambao wengi walikuwa wamesoma Kiingereza huko kwetu.

Matokeo yake ni nini? Kengele ikilia mtoto anakimbilia basi, habaki kucheza na wenzake. Mzazi asiye na gari hafiki kwenye mkutano wa shule. Mtoto yumo darasani, lakini bado mgeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 utaratibu huo ukafa.

Mwaka 1985 Ripoti ya Swann, iliyoitwa Elimu kwa Wote, ikasema kazi si kuwarekebisha watoto wa wachache tu, bali kubadili elimu ya kila mtoto, hata kwenye shule za Wazungu watupu. Hapo nakubali kabisa. Kuchanganyika ni pande mbili kusogeleana.

Ila ripoti hiyo hiyo iliona kwamba kutunza lugha ya nyumbani ni kazi ya jamii yenyewe zaidi kuliko ya shule. Kwa hiyo Kiswahili cha watoto wa ndugu zetu waliolowea hapa kiko mikononi mwetu. Jamani, nani yuko tayari kufundisha saa mbili tu kila Jumamosi?