Usiipeleke Nyumba ya Kanyaruchinya Kinshasa

"Nikichagua Kongo, programu inanipa Kinshasa peke yake. Nichukue hiyo?" Swali hili huletwa kwangu kila muhula na wanafunzi na mafundi wanaokadiria joto la nyumba kwa kompyuta. Jibu langu ni lile lile: hapana.

Wapo wanaojitetea kwamba latitudo na longitudo za Kanyaruchinya, karibu na Goma, wameziandika kwa mkono, basi faili ya hali ya hewa ikitoka Kinshasa haidhuru. Inadhuru sana. Programu ya EnergyPlus, usipoiagiza vingine, hufuata mahali palipoandikwa ndani ya faili na kuacha ulichoandika wewe. Hata ingekutii, joto, mawingu na upepo wa kila saa vingebaki vya Kinshasa, mji ulio mbali kwa zaidi ya kilomita 1,500 na wenye mwinuko wa mita 300 hivi tu. Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 juu ya bahari, na Kanyaruchinya iko juu zaidi, upande wa mlima Nyiragongo. Kila ukipanda mita 1,000, hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6. Programu itakushauri kupoza nyumba ambayo wenyewe usiku huingiza mbabula ndani wapate joto, huku hewa ya sumu ya makaa ikiwazunguka. Na hapa ndipo waliokimbia vita walipopiga maturubai mwaka 2012, kisha tena kuanzia mwishoni mwa 2022. Ukikosea nyuzi saba katika makazi kama hayo, anayeumia ni mtoto aliyelala chini.

Tena kuna saa. Kinshasa iko nyuma ya Goma kwa saa moja. Ukichanganya longitudo 29.2 mashariki na saa za Kinshasa, jua litafika utosini saa tano badala ya saa sita, na madirisha ya mashariki yataota jua kabla ya wakati wake.

Wala usininukulie kitabu cha Ulaya kinachotaka madirisha yaelekee kusini. Kwenye latitudo 1.6 kusini, jua la adhuhuri liko kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba. Paa la mabati ndilo linalochomwa mwaka mzima.

Ufanye nini? Pima mahali na mwinuko kwa GPS ya simu. Latitudo ya kusini iwe na alama ya kutoa. Pakua data ya mahali hapo kutoka tovuti ya PVGIS, ukikagua saa zake, maana kwa kawaida ni za UTC, saa mbili nyuma ya Goma. Ilinganishe na kipimajoto ulichokiacha kivulini wiki kadhaa, kwa kuwa data hiyo huchanganya ziwa na mlima. Kwenye upepo usiandike "mjini" kwa sababu Goma ni mji: kwa kanuni za EnergyPlus, mita 3 kutoka ardhini, "mjini" hubakiza asilimia 30 ya upepo uliopimwa uwanja wa ndege, "kitongoji" 55, "mashambani" 85, na ukuta wa mbao wenye nyufa huusikia upepo huo wote. Ardhi ikiwa ni lava nyeusi, mwakisiko wa kawaida wa 0.2 ushushe kuelekea 0.1. Sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya mawe iandikwe kuwa inapigwa na upepo, haipigwi na jua.