Spika Kwanza, Wati Baadaye

Muuzaji wa redio za mtumba akianza kukutajia wati, msikilize kwa heshima, kisha mwombe awashe mtambo. Maelfu ya wati yanayoandikwa pamoja na herufi PMPO ni mapambo tu. Hata wati za kweli zikiongezwa maradufu, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu. Sikio huhitaji wati karibu mara kumi ndipo likubali kwamba sauti imekuwa mara mbili. Amplifaya ya NAD 3020, iliyotoka mwaka wa 1978 na kupendwa duniani kote, ilikuwa na wati 20 kwa kila upande.

Kwa hivyo mkazi wa Thika au Ruiru mwenye pesa chache afadhali azimalizie kwenye spika. Spika za makabati makubwa ya mbao humsumbua anayehamia chumba kimoja, na mwenye mzigo hupunguza bei.

Bahati yetu ni kwamba mitumba inayoitwa "ex-UK" imetoka katika nchi ambayo stima yake inakaribiana na yetu, na plagi ni ileile ya pini tatu. Mtambo wa Japani hutaka volti 100, wa Marekani 120. Ukiuchomeka ukutani hapa kwenye volti 240, utanusa moshi kabla ya kusikia wimbo. Soma kibandiko cha nyuma, hata muuzaji akiapa.

Kisha ondoa kitambaa cha mbele cha spika na uguse ukingo wa wufa, ile koni kubwa ya besi. Sponji ya zamani huoza ikamegeka kama keki kavu. Hilo lisikufukuze: fundi hubandika ukingo mpya, nawe umepata sababu ya kuteremsha bei. Lakini ukisukuma koni polepole kwa vidole vya mikono miwili na kusikia mkwaruzo, huenda koili imeungua au kupinda. Iache hapo hapo dukani.

Kwa amplifaya, volyumu inayokwaruza mara nyingi ni vumbi tu. Mngurumo usiokoma hata volyumu ikiwa chini kabisa ni habari nyingine. Huenda kapasita zimechoka.

Nenda na nyimbo zako kwenye simu. Benga ya D.O. Misiani na Shirati Jazz ni mtihani mzuri, kwa kuwa gitaa la besi hukimbia bila kupumzika, na wufa mbovu huligeuza kuwa mvumo mmoja. Joseph Kamaru naye atakuonyesha kama twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, inatoa sauti ya mtu au ya bati. Maduka ya Luthuli Avenue kule Nairobi yana vitu vingi zaidi, ila mimi ningelipa zaidi kidogo kwa fundi wa Makongeni ya Thika ambaye naweza kumrudia kesho.

Nyumbani, kabla ya kulaumu ulichonunua, tazama sebule. Ghorofa nyingi za Ruiru ni vigae na kuta tupu, na sauti hurukaruka humo. Zulia, mapazia mazito, na spika zilizoondolewa kwenye pembe hufanya kazi ambayo amplifaya mpya haiwezi.

Nunua pia kile kifaa cha kulinda friji stima inapoyumba, kisha uzime mtambo kabla ya kulala. Swichi za zamani hubaki zimebonyezwa, na stima ikipotea kisha ikarudi saa nane za usiku, ploti nzima itajua unasikiliza nini.