Simu inapopayuka kwenye masafa ya jirani



Wengi wetu tunadhani simu ikirusha mawimbi kwa nguvu zaidi ndiyo itasikika vizuri zaidi. Si hivyo kila mara.

Aliyewahi kukaa kwenye taarabu ya harusi anajua: fundi akifungulia amplifaya hadi mwisho, sauti ya mwimbaji inaanza kukwaruza, na ndani ya mkwaruzo ule mna sauti ambazo mwimbaji mwenyewe hakuzitoa. Amplifaya ya simu, ile inayosukuma mawimbi kwenye antena, ina tabia hiyo hiyo.

Pitisha humo mawimbi mawili, la megahezi 900 na la 901. Ikielemewa, yatatoka hayo mawili pamoja na wageni wasioalikwa: 899 na 902. Hesabu yake ni mara mbili ya moja, toa jingine. Mgeni wa mbali, kama 1800, kichujio humkata bila taabu. Hawa wa 899 na 902 wamebanana na wenyeji, huwachuji ng'o! Na ukiongeza wenyeji kwa desibeli 1, wao wanapanda kwa 3.

Sasa nani anaumia? Tuseme mnara wa kampuni yako uko mbali, kwa hiyo simu yako inapiga kelele kwa nguvu zake zote. Kumbe umesimama chini ya mnara wa kampuni nyingine, nao unatega sikio kumsikia bibi aliye kijijini, kwenye chaneli inayopakana na yako. Uchafu wako unamfunika yule bibi, na wewe huna habari. Ndiyo maana kanuni za LTE zinaitaka simu isivujishe kwenye chaneli ya jirani zaidi ya sehemu 1 kwa 1000 ya nguvu yake (desibeli 30).

Wabunifu wa GSM walikwepa tatizo kijanja: mawimbi yao hayabadiliki kimo, basi amplifaya inakamuliwa mpaka mwisho bila madhara. Mawimbi ya 4G yana vilele virefu vya ghafla, kwa hiyo amplifaya lazima iachiwe nafasi, yaani ifanye kazi chini ya uwezo wake, na umeme mwingi wa betri unaishia kuwa joto mkononi mwako. Simu za LTE zilipewa hata mtindo wao wa kurusha, SC-FDMA, ili kuvipunguza vilele hivyo. Minarani wanapinda mawimbi makusudi kabla hayajaingia kwenye amplifaya, kinyume na itakavyoyapinda yenyewe, yakitoka yamenyooka.