Diwani na Daftari Lake: Makisio ya Mji Yaanze Kusomwa Upande wa Mapato

Neno diwani, kabla halijawa cheo cha mtu aketiye barazani kwa kura za jirani zake, lilikuwa jina la daftari. Khalifa Umar bin Khattab alipoweka utaratibu wa kuandika fedha za umma na wale wanaostahiki kulipwa, kitabu hicho ndicho kilichoitwa diwani. Na kutoka kitabuni jina likahamia ofisini, na baada ya dahari likamfikia mtu. Asili hiyo ilinijia akilini nilipoketi na diwani wa kata moja katika mji wa pwani ya Tanzania, kabrasha la makisio ya mwaka ujao likiwa wazi juu ya mkeka, naye ameshika penseli.

"Wenzangu," alisema, "hukimbilia kurasa za matumizi, kila mtu akiitafuta kata yake. Mimi huanza na mapato, kwani mradi ulioandikiwa fedha zisizokuwapo ni deni tuliloliita neema."

Hofu yake ina mashiko, na atakayetaka kuifahamu hana budi kutazama jinsi hazina za miji yetu zilivyobadilika. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003. Kodi ya majengo, iliyokuwa tegemeo la kila mji wenye nyumba za mawe na maghorofa, ilikabidhiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016, na tangu 2021 mwenye nyumba huilipa kidogo kidogo anaponunua umeme wa LUKU, ule unaolipiwa kabla ya kutumika. Vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, vilivyotolewa kwa shilingi 20,000 kuanzia Desemba 2018, viliwapa machinga sitara waliyoistahiki, lakini viliipunguzia halmashauri ushuru wa kila siku. Barabara nazo zilikwenda TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, mwaka 2017. Kilichobaki mikononi mwa mji ni ushuru wa huduma, ambao ni sehemu ya mauzo isiyofika hata shilingi moja katika kila mia, pamoja na leseni za biashara, machinjio, stendi na masoko.

Basi mtayarishaji wa makisio, akiisha kupewa lengo la kukusanya zaidi ya mwaka uliopita, aelekeze wapi kalamu yake? Huielekeza sokoni. Katika kabrasha lile maoteo ya ushuru wa soko yalikuwa yamepanda, ilhali vizimba ni vile vile na paa ni lile lile linalovuja. Wala hapakuwa na kasma hata moja ya kuzibua mtaro.

Nilifuatana naye hadi soko lenyewe. Mtoza ushuru alikuwa akipita na mashine ya POS, akitoa risiti moja baada ya nyingine, nami naisifu mashine hiyo, kwa kuwa imeziba mlango wa fedha mbichi, zile zilizokuwa zikitumika kabla ya kufika benki. Mama mmoja muuza mchicha, maji ya mtaro yakimgusa visigino, alimkunjulia diwani risiti yake na kusema, "Baba diwani, hii yenu nailipa kila siku, na huu mtaro, nao mtaulipa lini?" Diwani akamjibu, "Haki yako, mama," wala hakuongeza neno.

Swali la mama yule ni la biashara kuliko la siasa. Soko lenye harufu mbaya humfukuza mnunuzi, na muuzaji humfuata mnunuzi hadi kando ya barabara kuu. Kizimba kikabaki kitupu, na mapato yaliyooteshwa kwa kalamu yakanyauka. Anayekama kila alfajiri asikumbuke kulisha, ataambulia kwato.

Madhara hayaishii hapo. Sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, kisha ikarejeshwa. Makusanyo yakipungua, kikundi cha washonaji kilichokwisha kuagiza vitambaa kwa kutumainia maoteo ndicho kitakachobeba hasara.

Yapo ya kujifunza kwa jirani. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ilitoa hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5. Wenye mitaji hawakopeshi nia njema. Hukopesha ankara zinazolipwa na hesabu zinazokaguliwa. Mji utakaotaka kujenga soko jipya kwa njia hiyo utaulizwa kwanza ukweli wa daftari lake.

Nami naamini kwa dhati kwamba diwani anayehoji mapato hapingi maendeleo ya mji wake, bali huyalinda. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na kikao cha baraza hakingojei mtu. Pembeni mwa ukurasa wa ushuru wa soko rafiki yangu diwani alikuwa ameandika kwa penseli, "Vizimba vingapi?" Alfajiri ya pili yake, kabla mtoza ushuru hajafika, nilimkuta sokoni, kanzu ameipandisha juu ya vifundo, akivihesabu kimoja kimoja.