Je, Wajua? Tochi ya Kichwani
• Saa zinazoandikwa kwenye boksi si saa za mwanga kamili. Kwa kipimo cha ANSI FL1, hesabu husimama pale mwanga unapobaki asilimia 10 tu ya ule wa mwanzo.

• Umbali nao hupimwa hadi mwanga unapofifia kufikia luksi 0.25, takriban mbalamwezi ya usiku usio na mawingu. Ili tochi imulike mbali mara mbili, ukali wa mwanga lazima uongezeke mara nne.

• Alama ya IPX4 ni kinga ya maji yanayorushwa kutoka kila upande. IPX7 huvumilia kuzamishwa kina cha mita 1 kwa dakika 30.

• Wapanda Kilimanjaro wengi huanza kupanda kuelekea kileleni, mita 5,895, karibu na saa sita usiku. Baridi ya huko hudhoofisha betri za alkali za tochi. Za lithiamu huihimili zaidi. Betri za akiba ziwekwe mfuko wa ndani, karibu na mwili.

• Jicho huchukua takriban nusu saa kuzoea giza. Taa nyekundu hafifu hailiondolei uzoefu huo, tena haiwasumbui unaolala nao hemani.

• Kwenye baiskeli, tochi ya kichwani ni msaidizi tu. Ukigeuza shingo, mwanga unaiacha njia, na dereva aliye nyuma hauoni. Funga taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma.

• Chagua tochi yenye kufuli ya swichi, isije ikajiwasha begini na kumaliza chaji.