Mshipi Ndio Unaobeba: Kuandaa Zana za Kuvulia kwa Nzi Bandia

Kijana mmoja alinijia kando ya mto Thego, chini ya Mlima Kenya, mkononi ana fimbo nzuri kuliko yangu. Alikuwa ameirusha asubuhi nzima. "Mzee," akaniambia, "huyu nzi haendi. Namrusha, anarudi kuniangukia miguuni." Nikaishika rili yake, nikavuta uzi kidogo. Ulikuwa nailoni tupu, ile nyembamba inayong'aa, ya kuvulia baharini kwa risasi. Aliyemuuzia fimbo alimjazia rili kwa uzi usio wake, naye hakuwa na njia ya kujua. Mkono wake ulikuwa sawa kabisa.

Kosa hilo nimeliona mara nyingi, na linatokana na jambo moja ambalo mwanafunzi hapaswi kugusa zana kabla ya kulielewa. Mvuvi wa mshipi kule Pwani hufunga chubwi mwisho wa mshipi wake. Akirusha, kile kipande cha risasi ndicho kinachoruka, mshipi unafuata nyuma. Nzi bandia hana uzito huo. Ni ndoana ndogo iliyovishwa manyoya na nyuzi ili ifanane na mdudu anayeliwa na samaki. Mweke kiganjani umpulize, atapeperuka. Basi uzito umehamishiwa kwenye mshipi wenyewe, ndiyo maana mshipi huu ni mnene, umevikwa plastiki, na una rangi ya kuonekana. Fimbo inausukuma mshipi, mshipi unambeba nzi. Kila kitu nitakachoeleza hapa kinatoka katika sentensi hiyo.

Tuanze na namba. Juu kidogo ya kishikio cha fimbo pameandikwa namba, na wengi hudhani ni kipimo cha nguvu. Ile namba inakutajia mshipi unaoifaa fimbo hiyo. Mshipi wa namba 5 una uzito wa gramu 9 hivi katika mita 9 zake za mwanzo. Wa namba 8 unakaribia gramu 14. Ni gramu chache, lakini ndizo zinazoipinda fimbo unapoirudisha nyuma, na fimbo isiyopinda haina cha kurudisha mbele. Fimbo ya namba 5 ipe mshipi wa namba 5. Kwa trauti wa mito yetu ya milimani, namba 5 ya futi 9, yaani mita 2.7 hivi, ndiyo ninayomshauri kila anayeanza. Wapo wanaopenda fimbo fupi kwa sababu ya vichaka vya kingoni, na wana haki yao, ila ile ndefu humfunza mkono mapema. Samaki wakubwa wana mambo mengine: tiger wa mito ya Mnyera na Ruhudji kule Tanzania hutaka namba 9, na kipande cha waya mbele ya ndoana, maana meno yake hukata nailoni mara moja.

Trauti mwenyewe, kwa asiyemjua, ni mgeni kwetu. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliwaleta trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, wakatiwa katika mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Maji ya baridi yaliwafaa, wakazaliana.

Rili hujazwa kuanzia ndani. Kwanza funga uzi wa akiba, ule mwembamba wa kusokotwa, mita 50 zinatosha kwa mito midogo. Kazi yake ni kujaza kiini cha rili ili mshipi usijikunje mno, na kukuokoa siku samaki mkubwa atakapokimbia na mshipi wote. Mshipi ufuate juu yake, na hapa naomba utulie. Mishipi mingi ya siku hizi ni minene mbele na myembamba nyuma. Ule upande mwembamba ndio unaofungwa kwenye uzi wa akiba. Ukigeuza, uzito wote utazama ndani ya rili, utarusha mwembamba, na utarudi kulalamika kama yule kijana. Watengenezaji hubandika kikaratasi kwenye ncha ya kuingia kwenye rili. Usikibandue mpaka umefunga.

Fimbo nyingi huja vipande vinne. Unga kuanzia kile chembamba cha juu. Ingiza kipande kwenye mwenzake, pete za kupitishia mshipi zikiwa zimepishana kidogo, kisha kisukume huku ukikizungusha mpaka pete zote zikae mstari mmoja. Funga jicho moja, uangalie toka kishikioni hadi ncha kama anayepima bunduki. Pete moja ikienda kando, mshipi utaisugua. Rili inaning'inia chini ya fimbo, na mshipi utoke upande wa chini ya rili kwenda moja kwa moja kwenye pete ya kwanza. Breki ya rili ilegeze. Ikaze kiasi tu cha kuizuia isiendelee kuzunguka ukivuta mshipi kwa ghafla.

Kupitisha mshipi kwenye pete kuna ujanja niliofundishwa nikiwa kijana, na nimewafundisha wote waliokuja kwangu. Usipitishe ncha. Kunja mshipi uwe mara mbili, upitishe kile kitanzi. Ukikuponyoka, kitanzi kitatanuka na kunasa kwenye pete. Ncha tupu ikiponyoka, mshipi wote huteleza hadi chini, na unaanza upya.

Mbele ya mshipi hufungwa lida, nailoni ya mita 2.7 hivi inayoanza nene na kumalizikia nyembamba. Kupungua huko kuna sababu. Msukumo ukitoka kwenye mshipi mnene kuingia ghafla kwenye uzi mwembamba, hukatika hapo, lida ikaanguka juu ya maji kama rundo la nyuzi. Unene ukipungua taratibu, lida hujikunjua yote, nzi akatua kama mdudu aliyeanguka kutoka kwenye jani. Mwisho wa lida huongezwa tipeti, kipande chembamba cha kubadilishwa kila kinapochakaa, ili lida yenyewe isiishe kila ukibadilisha nzi. Tipeti hupimwa kwa namba yenye herufi X, na namba ikipanda uzi unapungua: 3X ni milimita 0.20, 5X ni milimita 0.15. Namba za ndoana nazo huenda hivyo hivyo, kubwa ni ndoana ndogo. Gawa namba ya ndoana kwa 3 utapata tipeti yake: ndoana ya namba 12 inataka 4X.

Sasa fundo la nzi. Pitisha tipeti kwenye tundu la ndoana, acha mkia wa sentimita 12. Uzungushe mkia juu ya uzi mrefu mara tano. Urudishe upite kwenye kile kitanzi kidogo kilicho jirani na tundu, kisha upite tena ndani ya kitanzi kikubwa ulichokiacha. Kabla ya kukaza, tia mate. Nailoni ikikazwa kavu husuguana, hupata joto, na fundo linadhoofika pale pale. Vuta polepole, mizunguko ilale ubavu kwa ubavu bila mmoja kumpanda mwenzake. Kisha livute kwa nguvu. Likikatika, shukuru limekatikia mkononi, ufunge jingine.

Yule kijana tulimbadilishia uzi, nikampa mshipi wangu wa zamani wa namba 5. Mrusho wake wa tatu ulivuka mto.

Kabla ya kwenda mtoni, kata leseni, na usiinue fimbo ya kaboni chini ya nyaya za umeme wala penye radi, kwani kaboni hupitisha umeme. Vile vipande vya nailoni ulivyokata ukifunga mafundo usivitupe ukingoni. Vitie mfukoni urudi navyo nyumbani, maana ndege hunaswa miguu humo na hawawezi kujifungua.